Nimeinywa Delirium Red, bia ya cheri ya asilimia 8 ya huku Ubelgiji. Mtoto wa mbege (pombe ya ndizi ya Wachaga) natoa tathmini yangu

MtuWaKihamba:

Wakuu heshima kwenu. Niliahidi kwenye ule mjadala wa bia za nje kwamba nikipata nafasi ntashusha uzi kuhusu bia za matunda za huku Ubelgiji. Leo Jumamosi mvua inanyesha Gent tangu asubuhi, nimejifungia chumbani, vitabu vimenichosha, kwaiyo nashusha. Utakuwa mrefu, wasiopenda kusoma wanisamehe mapema.

Kwanza tuwekane sawa. Nyumbani ukimwambia mtu bia ya matunda anawaza ile ya chupa ya rangi rangi, tamu kama soda, anakwambia hiyo ya kina dada na maongezi yanaishia hapo. Mimi siizungumzii hiyo. Nazungumzia bia kamili, imepikwa kwa kimea cha shayiri, imechachushwa na hamira ya aina ile inayopenda joto, ndiyo familia wanayoiita eli, tofauti na laga kama Safari na Kilimanjaro ambazo hamira yake inafanya kazi kwenye baridi. Kilevi asilimia 8. Na ndani yake wameweka juisi ya cheri, zile chachu, siyo zile za kupambia keki. Inaitwa Delirium Red.

Wanaoipika ni kiwanda cha Huyghe, kipo Melle, nje kidogo ya hapa Gent. Léon Huyghe alikichukua mwaka 1906 na mpaka leo kipo mikononi mwa familia. Dunia iliwajua kwa Delirium Tremens iliyotoka mwishoni mwa 1988, ile yenye tembo wa pinki kwenye lebo, asilimia 8.5. Hii Red ni mdogo wake.

Kuhusu jina nisipite kimya. Delirium tremens ni ugonjwa, unampata mtu aliyekunywa miaka mingi akaacha ghafla, anatetemeka, anaona vitu ambavyo havipo, na unaua. Nimewahi kukaa na mtu wa ukoo wetu wodini akiwa kwenye hali hiyo, anafukuza wadudu ukutani ambao sisi hatuwaoni. Kwaiyo jina silipendi na tembo wao wa pinki hanichekeshi. Bia ntaipima kwa haki yake lakini hilo nilitaka liwepo hapa juu kabisa.

Sasa tuje kwenye glasi.

Nilikuwa kwenye baa ndogo karibu na mto Leie, watu wengi ni wanafunzi. Mhudumu kaleta chupa ya mililita 330 na glasi yake, maana huku kila bia ina glasi yake, hii ina tumbo kubwa, mdomo umebana kidogo, halafu ina mguu. Nikamimina taratibu. Rangi yake wakuu, mnaijua rozela iliyochemshwa ikapitiliza, ile nyekundu iliyokolea mpaka inaelekea weusi? Ndiyo hiyo. Ukiinyanyua kwenye taa pembeni inang'aa kama kito. Povu lake ni la pinki, laini, linakaa dakika mbili tatu halafu linabaki kama duara kwenye kingo za glasi.

Nikanywa fundo la kwanza, nikasikia utamu na ubaridi basi. Hapo ndo wengi wanakosea. Sisi kwenye baa za kwetu mhudumu akiuliza baridi au moto, asilimia kubwa tunasema baridi, tena ile iliyoshika barafu, na kwa laga kwenye joto la Dar hiyo ni sawa kabisa. Hii ukiinywa hivyo umetupa hela, kwasababu ubaridi unafunga harufu, na bia ya matunda harufu ndo kila kitu. Nikaishika glasi kwa viganja viwili kama mtu aliyeshika kikombe cha uji, dakika kumi hivi, huku naangalia watu.

Fundo la pili ikawa bia nyingine kabisa. Pua inapata cheri kwanza, halafu nyuma yake inakuja harufu ya lozi, kama umepasua halua yenye lozi ndani. Nilidhani wameongeza kitu, kumbe ni cheri yenyewe. Mbegu yake na ya mlozi ni ndugu, zote zina kile kitu kinachotoa harufu hiyo. Mdomoni inaanza tamu, katikati unakuja uchachu mdogo kama ukwaju uliowekewa sukari nyingi, halafu ukishameza ndo unasikia joto linashuka kooni mpaka kifuani, hapo ndipo zile asilimia 8 zinapojitambulisha. Mpaka wakati huo hukuziona popote.

Uchungu hakuna. Kabisa. Na hapo ndipo penye shida yangu nayo, ila ngoja niweke chai kwanza, naendelea chini.

BeiChee:

Mkuu mi nauliza tu kwa nia njema, sasa hiyo ina tofauti gani na enzi zile watu walikuwa wanamimina kiroba, ile pombe kali ya pakiti, kwenye juisi kabla hawajavipiga marufuku 2017? Tamu juu, moto chini. Tena kiroba kilikuwa bei chee

MtuWaKihamba:

@BeiChee swali zuri na linanifikisha nilipokuwa naenda.

Kiroba kwenye juisi ni vitu viwili vimekutana kwenye glasi, havijuani. Pombe ilishatengenezwa kwingine, juisi imetoka kwingine, ukikoroga zinakaa pamoja lakini haziwi kitu kimoja. Kwenye bia ya matunda kilevi kimezaliwa humo humo. Shayiri inaoteshwa kidogo, inakaushwa, ndo kimea hicho, inasagwa na kulowekwa kwenye maji ya moto, ule wanga unageuka sukari, wanachuja, wanachemsha na hopsi (maua ya kutia uchungu), wanapoza, wanaweka hamira. Hamira inakula sukari inatoa kilevi na gesi na harufu mia moja.

Sasa suala ni tunda linaingia lini. Hili ndo la kulielewa mana ndo linatenganisha bia zote za matunda. Ukiweka juisi mapema wakati hamira bado ina njaa, inaila sukari yote ya lile tunda, kinachobaki ni harufu, rangi na uchachu, bia inakuwa kavu. Ukiweka juisi mwishoni, hamira ukawa umeshaichuja au umeiua kwa joto, utamu wote unabaki kama ulivyo. Delirium Red ulimi unakwambia wazi kwamba sukari ya tunda haikuliwa yote, imeachwa makusudi. Siyo dhambi, ni uamuzi wa mpishi, lakini ni uamuzi ambao mnywaji anatakiwa aujue.

Kuna ndugu zake wa huku waliochukua ile njia ya kwanza, ya bia kavu. Zipo bia za bonde la mto Zenne upande wa Brussels, lambiki, ambazo haziwekewi hamira kabisa. Wanapika miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi, usiku wanaacha bia ya moto kwenye beseni pana la chuma chini ya paa, hewa inapita, vijidudu vya hewani vinaingia vyenyewe, asubuhi wanaimimina kwenye mapipa ya mbao inakaa miaka. Kisha cheri nzima nzima na mbegu zake zinatumbukizwa kwenye pipa, miezi inapita, inaliwa kila chembe ya sukari. Kiwanda cha Cantillon pale Anderlecht, kilichoanzishwa 1900, kinafanya hivyo, na Boon wako Lembeek. Hiyo ukionja mara ya kwanza unakunja uso mpaka masikio yanasogea. Hapo huwezi kusema ni juisi.

Mi binafsi nikikaa na zote mbili mezani, ile kavu nairudia. Hii Red nainywa moja, naifurahia kwelikweli, halafu natamani kitu cha kuikata.

Na hicho cha kuikata nakijua, nimekikuta kwa bibi yangu.

Waliokulia Kilimanjaro mnajua mbege inavyopikwa. Ndizi zinaivishwa mpaka zinalegea, zinachemshwa na maji kwa saa nyingi mpaka zinakuwa nyekundu za udongo, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, zinachujwa. Pembeni ulezi umeoteshwa, umekaushwa, umesagwa, umepikwa uji, vinakutanishwa. Ukiangalia vizuri ni hatua zile zile za huku Melle: nafaka iliyooteshwa inatoa mwili wa bia, tunda linatoa sukari na harufu. Halafu bibi anatumbukiza magamba ya mti wa msesewa. Yale magamba ni machungu kama kwinini. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalia nikionjeshwa, naona wameharibu kitu kitamu. Leo nina miaka 31 niko kwenye baa ya Gent na bia ya yuro 5 mkononi ndo naelewa bibi alikuwa anafanya nini. Bila msesewa ndizi ingekuwa inakaa ulimini kama sukari guru, hupiti kata (kibuyu cha kunywea) ya pili. Uchungu unafuta ulimi, unauandaa kwa fundo linalofuata.

Wapishi wa huku hopsi wanazo, zinafanya kazi hiyo hiyo. Kwenye hii Red wamezitia kiasi ambacho huzisikii. Nikiwa mimi ndo mpishi ningeongeza.

NshomileHalisi:

Wachaga mna maneno, ila uzi mzuri sana mkuu, pongezi.

Naongezea ya kwetu Kagera. Rubisi sisi ndizi hatuchemshi. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa zinawekwa kwenye mtumbwi wa mti, wanaume wanazikanyaga kwa miguu pamoja na majani makavu mpaka juisi inatoka safi, halafu unaweka mtama uliokaangwa ukasagwa, unafunika na majani ya mgomba, kesho yake imeiva. Ule mtama uliokaangwa ndo unatoa ule uchungu kidogo wa kuungua na rangi. Kwaiyo na sisi kuna cha kukata utamu, ila tumepita njia ya moto badala ya magamba. Sijawahi kulifikiria hivyo mpaka nimesoma hapa, nilikuwa najua tu mtama ni wa kuchachulia.

Swali: hiyo ya Melle kimea chake ni cheupe au kimekaangwa?

MtuWaKihamba:

@NshomileHalisi aisee asante, ya mtama kukaangwa nilikuwa sijaifikiria, umenipa kitu.

Kwa ninavyoionja kimea ni cheupe, huwezi kusikia kahawa wala mkate ulioungua. Ila kuna jirani yake ambaye amefanya kama nyie. Inaitwa Kasteel Rouge, ya Van Honsebrouck, kiwanda cha familia kingine, wapo huko Flandria Magharibi. Na yenyewe asilimia 8 na cheri. Wao wanachukua bia yao nyeusi nzito ya asilimia 11, Kasteel Donker, wanaichanganya na pombe tamu ya cheri. Ukinywa unasikia ile bia nyeusi chini kabisa, karameli, kama sukari iliyoanza kuungua kwenye sufuria. Tatizo utamu wake ni mkubwa kuliko hata Red, inanata midomoni, mi glasi moja nilimaliza kwa kujilazimisha. Kwaiyo yenyewe ina msingi mzuri na tunda limezidi, hii Red tunda liko safi, linanukia cheri kweli, ila msingi ni mwepesi. Ningeambiwa nichague moja ningechukua Red, kwa ajili ya ile pua tu.

mamaK_Tabata:

Kaka nimesoma yote. Mi sinywi sana, nikinywa ni moja ya kusindikiza chakula. Naomba uniambie ukweli, hiyo 8 ni kali kiasi gani kwa mtu kama mimi? Mana kuna ndugu anakuja toka huko ameniuliza aniletee zawadi gani.

MtuWaKihamba:

Dada yangu asante kwa kusoma. Tupige hesabu kidogo.

Chupa ndogo ya Red ni mililita 330, asilimia 8 yake ni kama mililita 26 za kilevi kitupu. Safari ya nusu lita ni asilimia 5.5, hiyo inakupa kama mililita 27 na nusu. Umeona? Chupa moja ya Red na chupa moja ya Safari zinakaribiana sana kwa kilevi. Tofauti ni kwamba Safari inakuchukua nusu saa kwasababu ni nyingi na ina uchungu, Red ni ndogo na tamu, mtu asiyejua anaimaliza kwa dakika kumi anaagiza nyingine, na nyingine, akisimama miguu siyo yake. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwa mwanafunzi mgeni aliyekuja mwaka huu, binti mdogo tu, alikunywa tatu kama maji kwasababu hakuna aliyemwambia, tukampeleka kwao kwa tramu tumemshika huku na huku. Nilikasirika sana siku ile, kwasababu tuliokaa naye mezani tulikuwa tunajua.

Na asikuletee ile chupa kubwa ya mililita 750 ukaona ni ya mtu mmoja, ile peke yake ni zaidi ya Safari mbili. Hiyo ni ya kugawana.

Kwaiyo dada moja ya chupa ndogo, imekaa nje ya friji robo saa, na chakula kipo mezani. Mwambie akuletee mbili, moja ya kwako na moja ya shem.

WaKusiniHuku:

Naona watu wanataja ndizi tu, mmesahau Kusini. Njooni Mtwara na Lindi msimu wa korosho muone uraka. Mabibo yanakamuliwa, juisi inaachwa ichache, ndani ya muda mfupi imewaka. Hiyo ndo pombe ya tunda haina shayiri haina ulezi ni bibo tupu. Ule ukakasi wa bibo unaokausha ulimi ndo kazi ya huo msesewa wenu. Utamu wake hauchoshi kwasababu ulimi unakauka kila fundo unataka tena. Wazungu wakipata bibo watalia.

MtuWaKihamba:

@WaKusiniHuku umenikumbusha mbali, nilionja uraka Masasi nikiwa field. Ukakasi, hilo ndo neno nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi. Cheri chachu nazo zina ukakasi kidogo kwenye ganda lake, na ndo maana zile za lambiki walizotumbukiza tunda zima na ganda na mbegu zinakausha mdomo, wakati hii ya juisi haina. Juisi imeacha ganda nyuma. Aisee hapo umenifungua.

ole_wa_Nyeri:

Salamu kutoka Kenya, hii stori imenibamba sana. Kwetu kuna muratina, cucu wangu, yaani nyanya, alikuwa anatengeneza ya harusi. Asali na maji, zamani hata juisi ya miwa, halafu yale matunda ya muratina, yale makubwa marefu yananing'inia kwa mti kama soseji. Yanapasuliwa yanaanikwa kwa jua yanakauka. Hata mimi nilikuwa nafikiria ni ya kuleta ladha, lakini cucu aliniambia hapana, hayo ndiyo yanachemsha pombe. Hamira imekaa ndani ya ule uzi uzi wa tunda. Akimaliza anayaanika tena anayaweka, mwaka ujao anatumia hayo hayo. Kwa hivyo si kila tunda kwa pombe ni la utamu, lingine ni mfanyikazi.

MtuWaKihamba:

@ole_wa_Nyeri hiyo ya tunda kuwa mfanyakazi ni nzito, na inafanana na yale mapipa ya mbao ya Anderlecht, hamira inaishi kwenye mbao na hawayasafishi mpaka wakaiua. Cucu wako na wale wapishi wangeelewana bila mkalimani.

PapaLiege:

Bandugu jambo yenu. Mie niko Liège tangu miaka 12, nilitokaka Lubumbashi. Hiyo Delirium ya rouge bibi yangu (mke wangu) anaipenda sana, mie hapana, sukari ni mingi. Mie kama nataka bia ya nguvu nakumbuka Tembo ya kwetu, ile nyeusi. Lakini kama mugeni anafika ku Bruxelles namupelekaka ku Delirium Café pale katikati, mu kanjia kadogo. Waliingiaka mu kitabu ya rekodi ya Guinness mwaka 2004 na bia 2,004 tofauti. Ukiingia usiulize ile iko bei ngapi, uliza ile iko fresh.

MtuWaKihamba:

Papa shikamoo. Hiyo ya mwisho ni ushauri wa dhahabu, na naomba wote mlionyumbani muuchukue.

Mwaka juzi kabla sijaja huku nilinunua bia ya matunda ya Ulaya kwenye duka moja kubwa Dar, silitaji. Ilikuwa imepangwa dirishani, jua la saa nane linaipiga, chupa ya kijani. Nilifungua nyumbani nikasikia harufu ya kicheche, sina neno lingine. Nikamimina sinki yote na bei yake ile. Nilidhani ndivyo bia za matunda zilivyo nikaapa sirudii. Kumbe mwanga ukiipiga hopsi kwenye bia unazigeuza, inatoka harufu hiyo hiyo ya mnyama, na chupa ya kijani au nyeupe haizuii mwanga kama ya kahawia. Na tunda nalo likikaa kwenye joto miezi, ile harufu ya cheri mbichi inakufa, inabaki jamu ya kopo. Kwaiyo ukinunua nyumbani: angalia tarehe, chukua ya nyuma kabisa ya shelfu kwenye giza, na kama imewekwa dirishani iache hapo.

Naenda kupika. Desemba nakuja nyumbani, ntabeba chupa nne kwenye begi la kupakia, nimfikishie bibi Old Moshi. Ntawaletea majibu.

(Januari)

MtuWaKihamba:

Wakuu heri ya mwaka mpya. Niliwaahidi.

Chupa nne nilizifunga kwenye soksi za baridi na sweta, zikafika salama uwanja wa ndege wa KIA. Moja nilimpa dereva wa familia, tatu zikapanda mlimani. Mnajua Desemba kwetu, kila kihamba (shamba la nyumbani la Kichaga) kina moshi, magari ya Dar yamejaa barabarani, watu wanachinja.

Bibi ana miaka 84. Ameacha kupika mbege kwa mikono yake, sasa anakaa kwenye kigoda anaelekeza, wapikaji ni mama zangu wadogo. Niliiweka Red kivulini chini ya mgomba saa moja, sikuiweka kwenye friji. Glasi yenye tumbo hatuna, nikamimina kwenye bilauri ya chai ili aone rangi. Akaiangalia kwenye jua muda mrefu. Akaniuliza, "Hii ni damu ya tunda gani?" Nikamweleza cheri, tunda dogo la baridi, lina kokwa moja. Akanusa. Akanusa tena, akafumba macho kabisa. Akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni kama anavyofanya akipima mbege ya watu kabla ya mahari, maana yeye ndo alikuwa anaitwa kupima kijiji kizima.

Akasema harufu yake ni nzuri kuliko mbege. Nilishtuka, sikutegemea. Akasema ndizi haiwezi kunukia hivi hata ufanyeje. Halafu akauliza, "Nafaka yao wameiotesha siku ngapi?" Nikasema kama siku nne tano. Akatikisa kichwa akasema mbona siisikii, tunda limeikalia. Akanywa fundo la pili. La tatu hakunywa. Akairudisha bilauri mezani, akamwambia mama mdogo alete kata. Akanywa mbege fundo moja kubwa, akairudia tena ile Red, akakaa kimya, halafu akanisogezea zote mbili akaniambia nifanye hivyo hivyo.

Wakuu nilifanya. Mbege ya siku ya pili, ile imekaa sawa, bado haijachachuka, uchungu wa msesewa ukabaki ulimini, na juu yake nikanywa Red. Ile cheri ikafunguka ikawa kubwa mara mbili, utamu wake ukapata pa kukaa, haukunata tena. Nilikuwa nimeandika hapa Novemba kwamba ningeongeza hopsi. Bibi hakuongeza chochote kwenye chupa, aliuandaa mdomo kwanza.

Tukazinywa zote tatu hivyo, watu tisa, kila mmoja kidogo, kata inazunguka na bilauri inaifuata. Mjomba ambaye hanywi kitu zaidi ya laga alikataa mwanzo, akaja mwenyewe kuuliza kama imebaki.

NshomileHalisi:

Mkuu hapa nimesoma mara mbili. Nakuja na rubisi. Unarudi lini huko?

MtuWaKihamba:

Tarehe 18 naruka. Ila siwezi kubeba mbege, itapasuka njiani. Msesewa mkavu mama mdogo amenifungia kwenye gazeti, magamba kama ya kiganja kimoja. Kuna mwanafunzi mwenzangu Gent anapika bia nyumbani kwake ndoo ya lita 20, nimemwandikia ameshakubali, tutachemsha kidogo kidogo kwenye sufuria tofauti tupime uchungu kabla ya kuuweka kwenye cheri. Yeye cheri anazo za mama yake, zimegandishwa tangu Julai, pamoja na mbegu. Tutaziweka wakati hamira bado ina njaa.